Waliosema Dada Yangu Anavuja

Dada yangu mdogo aliolewa Kuresoi, kule juu ambako watu hulima viazi mpaka ukingoni mwa barabara. Nilikuwa nimefika kwake mara chache tu, kwa sababu mama mkwe wake hakupenda wageni wa upande wetu, na hakujisumbua kuficha. Safari ninayoisimulia hapa sikualikwa. Jirani yake mmoja alinipigia simu nikiwa Nakuru, akazungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya ua.

"Mwalimu, njoo umwone dadako," akasema. "Na usiseme ni mimi nimekuambia."

Nilijua alikuwa amejifungua na mtoto akafariki. Hilo walikuwa wametuambia. Tulipotaka kwenda kumfariji, mumewe alisema mkewe yuko sawa, amelala, tungoje mvua ipungue. Mvua ikapungua, ikanyesha tena, na kila nilipopiga simu ya dada yangu nilipata imezimwa.

Nilimkuta mama mkwe sebuleni akichambua maharagwe. Hakuinuka. Nilimsalimia, akaitikia kwa kidevu. Nikamuuliza dada yangu yuko wapi.

"Yuko stoo," akasema. "Huku ndani hawezi kukaa. Anavuja."

Alilisema neno hilo huku akiendelea kuchambua maharagwe yake, mabovu huku na mazima kule. Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Anavuja mkojo. Hajui kuuzuia, unatoka tu kama wa mtoto. Nimelea watoto wangu, sasa siwezi kuanza kulea watu wazima."

Stoo ilikuwa nyuma ya zizi, ya mbao, yenye mabati yaliyojaa matundu ya misumari. Mle ndani mlikuwa na magunia ya viazi vya mbegu, na kwenye kona, juu ya gunia lililotandikwa karatasi ya nailoni, alikuwa ameketi dada yangu. Alikuwa amekonda mpaka shingo yake ikaonekana ndefu. Nilipotaka kumkumbatia alinyoosha mkono kunizuia.

"Usinikaribie, dada. Utachafuka."

Nilimkumbatia hivyo hivyo. Harufu ilikuwa kali, sitasema uongo, mkojo uliochanganyika na udongo na viazi vilivyoanza kuoza. Alilia bila sauti, na mimi nilikasirika kiasi kwamba machozi hayakunijia.

Akanieleza. Uchungu ulimshika wakati wa mvua kubwa. Mama mkwe akasema wanawake wa boma hilo huzaa hapo hapo, yeye mwenyewe alizaa wote jikoni, na kukimbilia hospitali ni uoga wa wasichana wa siku hizi. Alisukuma hadi nguvu zikaisha. Mumewe alipokwenda hatimaye kutafuta pikapu, barabara ilikuwa imegeuka tope, gari likakwama, na walipofika kituo cha afya mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Walimtoa mtoto, wakamshona dada yangu, wakamrudisha nyumbani.

"Siku chache baadaye niliamka nimelowa," akasema. "Nikadhani ile chupa ya maji ya moto imefunguka kitandani. Nikaitafuta. Nikaipata imefungwa vizuri."

Hakuna aliyemrudisha kituo cha afya kuuliza. Mama mkwe alisema ni laana ya kumpoteza mtoto wa kiume. Mumewe alihama chumba. Kisha wakamhamisha yeye.

Mume alikuja kutoka shambani akiwa amevaa gambuti, jembe begani. Alinisalimia kwa adabu, akaniita shemeji, akaniuliza kama nimepewa chai. Nikamwambia sikuja kunywa chai. Nikamuuliza mke wake analalaje na viazi.

"Shemeji, mimi nilioa mke," akasema. "Sikuoa bomba lililopasuka."

"Na nani alilipasua?"

Alitazama upande wa nyumba, ambako mama yake alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Nilimwambia naondoka na dada yangu leo, sasa hivi. Mama ndiye aliyejibu, kutoka kule mlangoni.

"Ukimtoa hapa usimrudishe. Hii si nyumba ya kuingia na kutoka."

Sikuhitaji kumuuliza dada yangu anataka nini. Nilipogeuka alikuwa ameshaanza kutia nguo zake kwenye gunia.

Nilikodi gari dogo la kubebea mizigo ya sokoni. Dereva alifungua madirisha yote na hakuyafunga mpaka tukafika Free Area, mtaani kwangu Nakuru, ingawa baridi ya Molo ilikuwa ikikata masikio. Hakusema neno baya.

Ninaishi ghorofa ya pili katika nyumba ya mawe, chumba kimoja cha kulala na sebule, mwenye nyumba anakaa mbali na hatumwoni. Dada yangu alikataa kulala kitandani kwangu. Tulibishana, mwishowe tukafunga godoro jingine kwa nailoni na kulitandika sebuleni. Alfajiri niliamka nikamkuta ameshafua kila kitu na kupanda nacho juu ya paa, kwenye kamba za nguo, kabla ya wapangaji wengine kuamka. Tulikata leso kuukuu na mashuka yangu ya zamani kuwa vitambaa. Havikutosha kamwe. Alikuwa akibadilisha, akiloweka, akifua, akianika, akianua, kisha anaanza upya, na mikono yake ikababuka kwa sabuni.

Jambo lililonitia hofu ni kwamba aliacha kunywa maji. Alidhani asipokunywa hatavuja. Mkojo ukawa mzito, ukamchoma mapaja mpaka ngozi ikatoka. Nilikuwa nikimwekea glasi ya maji mbele yake na kusimama hapo, kama ninavyowasimamia wanafunzi wasiotaka kuandika.

"Kunywa."

"Nikinywa yanatoka."

"Yatoke. Kunywa."

Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi hapa Nakuru. Mtu mmoja tu ndiye niliyemwambia habari za dada yangu. Alikuwa mwalimu mwenzangu, tuliketi meza moja kwenye ofisi ya walimu, tukabadilishana chapati na maharagwe, na kanisani alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa akina mama. Nilimwambia kwa sababu alikuwa na binamu muuguzi, nikataka atuulizie kama ugonjwa huo una dawa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Hii ni siri yetu. Haitoki hapa."

Binamu muuguzi sikumsikia tena. Nilipomuuliza mwenzangu, alisema bado anamtafuta kwa simu.

Majuma machache baadaye nilikuwa darasani na wanafunzi wa darasa la saba. Tulikuwa kwenye maneno yenye maana nyingi, nami nikaandika ubaoni neno "leak", yaani kuvuja. Nililichagua kwa haraka, kutoka kwenye kitabu, bila kufikiria. Niliwaomba waniambie kwa Kiswahili kinachoweza kufanya hivyo. Wakainua mikono. Paa la nyumba. Mtungi wa gesi. Tangi la maji. Pua ya mtu aliyepigwa ngumi, mmoja akasema, na wengine wakacheka. Mwingine akasema mtihani, darasa zima likacheka zaidi, kwa sababu mwaka uliopita watu walikuwa wamezungumza sana juu ya mitihani kuvuja. Niliandika yote ubaoni. Nikawaeleza kwamba siri nayo huvuja, na kwamba Kiswahili kinatumia neno lile lile kwa maji na kwa maneno, kama Kiingereza, na kwamba hilo si jambo la kila lugha.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mpole, asiyependa fujo, akainua mkono.

"Mwalimu, na mtu mzima anaweza ku-leak?"

Nilimuuliza ana maana gani. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa anataka kujua.

"Mamangu aliomba juu ya dadako. Alisema Mungu amfunge asivuje."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hawakucheka. Wengi wao walikuwa wanajua tayari. Nilimwambia ndiyo, mtu anaweza, akijeruhiwa wakati wa kuzaa, na kwamba si laana wala uchafu, ni jeraha, kama mguu uliovunjika. Niliwapa zoezi la kuandika. Kisha nikasimama nikitazama dirishani mpaka kengele ikalia.

Mama wa msichana huyo alikuwa mwanachama wa ushirika. Sikuhitaji kufikiri sana. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya walimu, nikamkuta mwenzangu akisahihisha vitabu.

"Umewaambia," nikasema.

Hakuuliza nazungumzia nini. Alifunika kalamu yake kwanza.

"Mwalimu, tulimwombea. Tangu lini maombi yakawa kosa?"

"Ulimwombea au ulimtangaza?"

"Ombi lisilotajwa lina nguvu gani? Niliwaambia akina mama hitaji, wakalipeleka mbele za Mungu."

"Mungu alikuwa anajua tayari. Akina mama ndio hawakuwa wanajua."

Walimu wengine walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya. Yeye akatabasamu, lile tabasamu la kanisani, akasema kwa upole ambao mpaka leo nikiukumbuka meno yananiuma:

"Usiwe na hasira na mimi. Kiburi chako ndicho kinaweza kumzuia asipone."

Nilichukua vitabu vyangu, kikombe changu na kiti changu, nikahamia upande wa pili wa ofisi, pale dirishani ambapo jua la asubuhi hupiga machoni. Nilikaa hapo mpaka nilipoacha kazi katika shule ile. Kanisa pia nilihama. Aliwahi kunitumia ujumbe wa kuniomba tuzungumze kama dada katika Kristo. Nilisoma, nikafuta.

Dada yangu sikumwambia. Alijua mwenyewe, kwenye ngazi. Wapangaji waliokuwa wakimsalimia waliacha kumsalimia. Wengine walimsalimia kupita kiasi, kwa huruma yenye macho ya kushuka kiunoni. Kamba za nguo juu ya paa zikawa na mpaka: upande ambako vitambaa vyake vilianikwa hakuna mwingine aliyeanika.

Chini yangu aliishi mwanamke mwenye duka la vipodozi mjini, mtu wa sauti kubwa, naye pia alikuwa kwenye ushirika ule. Jumamosi moja mchana alipanda akiwa na wapangaji wawili aliowaita wawe mashahidi. Alibisha mlango kwa kiganja chote.

"Mwalimu, tokeni nje tuongee. Dari ya bafu yangu imelowa. Inadondoka."

Nilimwambia twende tukaone. Akasema hakuna haja ya kwenda kuona, yeye ameshaona.

"Ni mkojo wa dadako," akasema. "Umepita kwenye sakafu ukaja kwangu. Nina watoto. Nina ndoo za maji ya kunywa mle bafuni."

"Sakafu ni ya zege," nikasema. "Mkojo wa mtu mmoja utapitaje kwenye zege?"

"Kama anavuja mchana na usiku, mbona usipite? Nimeshampigia mwenye nyumba. Ahame, au mhame nyote wawili."

Mmoja wa mashahidi alikuwa ameziba pua, ingawa tulikuwa nje kwenye baraza na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa ukivuma. Nilimwambia atoe mkono wake usoni. Akautoa. Nikamwambia jirani yangu kwamba kwa kuwa ameleta mashahidi, basi mashahidi hao hao waje bafuni kwangu, na tumwite mzee anayetunza ploti. Aliitwa. Alikuja na nyundo na tindo, akiwa na uso wa mtu aliyeharibiwa Jumamosi yake. Alivunja vigae viwili karibu na ukuta, akachimba kidogo, na maji yakatokeza hapo hapo, masafi, yakichuruzika kutoka kwenye kiungo cha bomba kilichooza kwa kutu.

"Ni bomba," akasema mzee. "La maji ya kuingia. Nilimwambia mwenye nyumba zamani kwamba haya mabomba yamezeeka."

Jirani yangu aliinama, akachovya kidole, akakinusa. Alikinusa kweli, mbele yetu sote. Kisha akasimama na kujifuta kwenye leso.

"Hata kama," akasema. "Harufu iko."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie jambo ambalo lingenifukuzisha kwenye ile nyumba. Lakini dada yangu alikuwa ametoka sebuleni. Tangu afike Nakuru hakuwa amezungumza na mpangaji yeyote zaidi ya salamu. Alisimama kwenye mlango wa bafu, miguu yake ikiwa pamoja, jinsi alivyozoea kusimama.

"Mama, harufu iko, ni kweli," akasema. "Hiyo ni yangu. Lakini maji ya dari yako si yangu. Nina yangu ya kutosha, usinibebeshe na ya bomba."

Jirani alitazama wale wawili aliokuja nao, akaona hawamsaidii, akateremka. Hakuomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine. Bado anakaa chini yangu. Tukikutana kwenye ngazi, mmoja wetu husimama ampishe mwenzake, na hatusalimiani.

Baada ya hapo dada yangu akabadilika kidogo. Alianza kunywa maji bila kusimamiwa. Mchana akiwa peke yake alikuwa akisikiliza redio, na siku moja niliporudi kutoka shule nilikuta mlango umefungwa kwa nje na ufunguo uko chini ya mkeka. Viatu vyake havikuwepo. Simu yake ilikuwa juu ya meza, inachajiwa. Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilipouliza kule chini hakuna aliyekuwa amemwona, au hakuna aliyetaka kuniambia. Nilifikiria ziwa. Nilifikiria reli. Nilifikiria amerudi Kuresoi, na hilo nalo nililiweka pamoja na yale mengine.

Ni muuza mboga wa barabarani aliyenielekeza.

"Yule dada yako mwembamba? Ameniuliza njia ya hospitali. Amesema anaenda kwa miguu, hataki kukalia kiti cha mtu."

Nilimkuta kwenye benchi ndefu nje ya wodi moja ya hospitali mjini, amefungwa leso mbili, ameketi katikati ya wanawake wengine. Redio ilikuwa imetangaza kwamba madaktari wa fistula, ugonjwa huo wa kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu, wamekuja na wanatibu bila malipo. Wanawake walikuwa wametoka kila upande wa Bonde la Ufa, mmoja alikuwa mzee kuliko mama yetu, na alikuwa ameishi hivyo tangu uzazi wake wa kwanza. Harufu pale ilikuwa ya wote. Dada yangu alinisogezea nafasi.

"Kaa," akasema. "Hapa hakuna anayeziba pua."

Sikuwa nimemsikia akitania tangu aolewe.

Muuguzi alikuja na kuwauliza mmoja mmoja. Alipofika kwetu alimuuliza dada yangu kwa Kiswahili cha hospitali, nusu Kiingereza.

"Una-leak tangu lini, mama?"

Nilishtuka na kujiandaa kumjibu vibaya. Neno hilo lilikuwa limetupwa kwetu mara nyingi mno, sikuweza tena kulisikia bila kukunja ngumi. Lakini muuguzi alikuwa akiuliza tu, kama angeuliza umri au kijiji. Dada yangu alimjibu vivyo hivyo, bila kuinamisha kichwa. Tangu mtoto wangu alipofariki, akasema. Muuguzi akaandika, akamwambia pole ya mtoto. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya familia yetu kumpa pole ya mtoto.

Walimpima kwa maji ya rangi ya buluu. Wanayajaza kwenye kibofu, kisha wanaweka vitambaa vyeupe kwenye njia ya uzazi na kuona ni kipi kitapata rangi, ili wajue tundu liko wapi. Dada yangu alinieleza baadaye kwamba daktari alimwonyesha kile kitambaa chenye doa la buluu, akamwambia, hapa ndipo. Alisema alikitazama sana. Miezi yote hiyo aliambiwa yeye mzima ndiye aliyeharibika, na kumbe lilikuwa tundu, mahali pamoja, padogo.

Alifanyiwa upasuaji. Akakaa na mpira wa mkojo kwa majuma kadhaa, akilala chali, akikatazwa kunyanyua chochote. Siku waliyoutoa alilowa tena, akageukia ukuta, akakataa kula. Nilikuwa tayari kumtukana daktari, muuguzi, yeyote. Muuguzi yule yule akaniambia kwa ukali nitulie, kibofu kimelala muda mrefu, kinajifunza upya, na kwamba kelele zangu hazimsaidii mgonjwa. Alikuwa sahihi, na sikumpenda kwa hilo. Siku zilizofuata alilowa kidogo, kisha kidogo zaidi. Asubuhi moja aliamka mkavu. Hakupiga kelele. Aliwaita wanawake wa vitanda vya jirani wakaja kushika shuka lake, mmoja mmoja, kwa viganja.

Mpaka leo akipiga chafya au akibeba kitu kizito linatoka tone. Daktari alimwambia linaweza kubaki hivyo. Amelizoea.

Habari za kupona kwake zilifika Kuresoi haraka kuliko zilivyofika habari za kuugua kwake kwetu. Jumapili moja mchana mumewe alikuja na mama yake. Walikuwa wameleta gunia la viazi na kuku aliyefungwa miguu. Mama mkwe alipanda ngazi akihema, akaketi, akazungusha macho sebuleni kwangu. Nilitoa chai kwa sababu nililelewa hivyo. Sikukaa.

"Tumesikia Mungu ametenda," akasema mama mkwe. "Tumekuja kumchukua mke wetu."

"Mke wenu mlimwacha stoo," nikasema.

"Mwalimu, wewe hujaitwa kwenye mazungumzo haya."

"Hii ni nyumba yangu."

Mume aliinua mkono, akatuomba tusigombane. Alimtazama dada yangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyejifunza maneno njiani kwamba yaliyopita yamepita, kwamba shamba ni kubwa na mikono ni michache, na kwamba hakuoa mwingine ingawa watu walimshauri. Nadhani aliamini kwamba hilo la mwisho lilikuwa zawadi.

Dada yangu alikuwa akimtazama. Akamuuliza:

"Mtoto mlimzika wapi?"

Mume akamtazama mama yake.

"Nilikuwa kitandani kituo cha afya," dada yangu akasema. "Niliporudi hamkunionyesha. Niliuliza mkasema nisiulize. Alizikwa wapi?"

"Mambo hayo hayaulizwi," akasema mama mkwe. "Mtoto ambaye hakulia hazikwi kwa kaburi la kuonyeshwa watu."

"Basi sina cha kurudia kule."

Alisema hivyo tu, kisha akasimama na kuondoa vikombe, chai ikiwa bado ndani. Mama mkwe akapandisha sauti. Akasema hakuna mwanamume atakayemwoa mwanamke aliyeshonwa, atazeekea sebuleni kwa dada yake, na siku atakapovuja tena asiwakumbuke. Nilifungua mlango nikaushikilia. Walitoka. Niliwafuata mpaka chini nikiwa nimebeba kuku wao, nikamweka kwenye mikono ya yule mwanamume mbele ya wapangaji wote waliokuwa wamejitokeza kutazama. Gunia la viazi lilinishinda uzito. Tulikula vile viazi mwezi mzima, na sikuviona vitamu.

Dada yangu sasa anaishi Gilgil. Amepanga chumba na anapika katika mkahawa mdogo wa barabarani ambako madereva wa malori husimama kula. Ana marafiki ambao siwajui. Kuna wakati hunipigia simu kuniambia kuna mwanamke huko Molo au Kuresoi amesikia ana shida kama yake, naye anakwenda kumtafuta siku yake ya mapumziko. Mara nyingine hufukuzwa langoni. Mara nyingine hurudi na mgonjwa.

Mwaka huu, katika safari moja kama hiyo, alikutana na mama mkwe wake sokoni. Alinisimulia kwa simu, akiwa anakatakata vitunguu, nilisikia kisu. Alisema mama yule amezeeka, macho yanamsumbua, hakumtambua mpaka alipomsalimia.

"Ulimsalimia?" nikamuuliza.

"Nilimsalimia. Nikamuuliza tena kaburi liko wapi."

"Akakuambia?"

"Akaniambia. Ni nyuma ya stoo, karibu na ua. Nilikwenda na yeye. Alinishika mkono kwa sababu haoni njia vizuri."

Nilimwambia sielewi alivyoweza kumshika mkono mwanamke yule. Nilimwambia mengine pia, kwa sauti ya juu, mpaka akaacha kukata vitunguu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema ana wateja, madereva wanataka chakula, tutaongea Jumapili.

Mimi nisingemshika. Ningemwacha hapo sokoni aitafute njia mwenyewe.